Nani Ataitikia Amina? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Sala na Ibada

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: sala ya kanisani inasemwa na mmoja, na wengine wapo tu. Tumechagua saba na kuzifupisha.

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa na zamu yangu ya kuongoza maombezi ya Jumapili hufika mara moja kwa mwezi. Naomba kwa moyo wote, kama dakika kumi na tano hivi, lakini nikifumbua macho naona watu wamechoka na wengine wanasinzia. Tatizo ni langu au ni imani yao? — Mzee wa zamu

Milele asifiwe, mzee wetu. Usianze kwa kuwalaumu. Kumsikiliza mtu mmoja kwa dakika 15 ukiwa umefumba macho ni kazi ngumu hata kwa mcha Mungu. Sala unayoiongoza si yako peke yako. Pale mbele wewe ni kinywa cha wote waliokaa. Paulo aliwauliza Wakorintho, mtu asiyeelewa usemacho ataitikaje Amina? (1 Kor 14:16). Jipime kwa swali hilo. Ukikatwa katikati ya sala, je, aliye safu ya mwisho angejua anaitikia nini?

Anzia 1 Timotheo 2:1–2. Mtume anataja dua, sala, maombezi na shukrani kwa ajili ya watu wote, na wenye mamlaka wanatajwa mapema kabisa. Sala ya waamini katika Kanisa Katoliki huenda kwa njia hiyohiyo: mahitaji ya Kanisa, kisha viongozi wa serikali na wokovu wa ulimwengu, kisha wanaoteseka kwa shida yoyote, na mwisho jumuiya ya mahali pale. Hata kama kanisa lenu halina kitabu cha liturujia, utaratibu huo utakufaa, maana mtu akiachwa aanze na ya nyumbani, ya mbali hayafikii. Dakika kumi zitaishia kwenye ujenzi wa kanisa na safari ya kwaya.

Siku mbili kabla ya zamu yako chukua karatasi, igawe mara nne, na kila robo uiandikie mambo mawili tu. Yawe mambo yanayoonekana. "Wagonjwa wote popote walipo" hupita sikioni bila kugusa kitu. "Walio wodini usiku huu wakingoja majibu ya vipimo" humfanya kila msikilizaji amkumbuke mtu wake.

Kisha kila ombi lipe umbo. Lipo umbo la zamani lenye sehemu tano ambalo hadi leo hutumika katika sala fupi za Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri: kumwita Mungu, kukumbuka alivyo au alilotenda, kuomba jambo moja, kusema kusudi la ombi, na kufunga kwa jina la Yesu. Kwa mfano: "Ee Mungu, mfariji wa waliovunjika moyo, uliyemhurumia mjane wa Naini, uwatie nguvu waliofiwa wiki hii, wapate kuamka kesho wakiwa na tumaini, kwa Yesu Kristo Bwana wetu." Hayo ni maneno machache mno, na hakuna kilichopungua. Sala ya waumini wa kwanza katika Matendo 4:24–30 nayo imejengwa hivyohivyo: wanamwita Muumba, wanakumbuka Zaburi ya 2, ndipo wanaomba. Tena angalia wanachoomba. Wametoka kutishwa na wakuu, wala hawaombi wakuu hao waangamie. Wanaomba ujasiri wa kulinena neno.

Urefu? Dakika nne hadi sita zinatosha kwa makundi yote manne. Maneno 300 hadi 350 ya Kiswahili, yakisemwa kwa mwendo wa sala, huchukua kama dakika nne. Dakika zinazobaki zigawe kuwa kimya, sekunde 15 baada ya kila kundi, kabla ya itikio. Itikio liwe moja na fupi, kama "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na ulitangaze kabla ya kuanza. Ukibadilisha itikio katikati, utaitikiwa na kwaya peke yake.

Sasa yale yanayoharibu. La kwanza ni kuhubiri ukiwa umefumba macho: "Bwana, wewe unajua jinsi wengine hapa wanavyochelewa ibada…" Hapo unasema na waliochelewa, humsemeshi Mungu. La pili ni matangazo yaliyovikwa sala, yenye tarehe na saa ya semina. La tatu ni siri za watu. Jina la mgonjwa litajwe kwa ridhaa yake, na ugonjwa wenyewe usitajwe kabisa. Mungu haulizi jina la ugonjwa, na majirani wasiulizie. La nne ni vijazo. Mtu anasema "Baba" kila baada ya maneno matatu, au "tunaomba, tunaomba" huku akitafuta la kusema. Mwombe mtu akurekodi mara moja tu, uhesabu mwenyewe.

Na fumbua macho usome karatasi yako. Hakuna andiko linaloamuru kufumba.

Kiongozi wetu anasema sala ya kusoma ni ya kinafiki, kwamba Roho hawezi kuandikwa. Ni kweli? — Mwanakwaya

Si kweli. Zaburi zote 150 ni sala na nyimbo zilizoandikwa. Yesu msalabani alitumia maneno ya Zaburi ya 22 na ya 31. Alichokikataa katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka kwa kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaosikilizwa, na hapohapo akafundisha sala ambayo kusanyiko huimaliza kwa nusu dakika hivi. Mtu aweza kupayuka kwa kusoma, na aweza kupayuka bila karatasi. Huyo wa pili huwa anapayuka kwa muda mrefu zaidi.

Kwetu wote huomba kwa sauti kwa wakati mmoja. Wageni wanasema ni kelele. Sisi tunaona ndiyo ibada yenye uzima. Nani yuko sahihi? — Kiongozi wa vijana

Matendo 4:24 inasema walipaza sauti kwa moyo mmoja, basi sauti si kosa. Na 1 Wakorintho 14 inasema Mungu si Mungu wa machafuko bali wa amani, na kwamba wanaonena wawe wawili au watatu, tena kwa zamu. Maneno yote mawili yanawahusu. Kinachoamua ni kama "moyo mmoja" upo, na huo hautokei wenyewe. Unatengenezwa na anayeongoza.

Taja ombi moja kwa sentensi moja. Soma mstari mmoja wa Maandiko unaohusiana nalo. Toa dakika mbili, tatu zikizidi, watu waombe. Kisha kengele ndogo au mwanzo wa pambio, sauti zishuke, na mtu mmoja afunge kwa sala fupi inayosikika na wote, ili Amina iwe ya wote. Ndipo uende ombi la pili. Maombi matatu au manne hivi yanatosha kwa ibada moja.

Mambo huharibika mahali pawili. Kiongozi hutaja maombi kumi kwa mpigo halafu anasema "tuombe": kila mtu anashika lake, na baada ya dakika mbili nusu ya watu wamemaliza, nusu wanapanda sauti ili wasizidiwe na jirani. Au kiongozi anaendelea kuomba kwenye kipaza sauti wakati wote wanaomba. Hapo hakuna tena maombi ya wote, kuna mtu mmoja mwenye umeme na wengine wasio nao. Ukishataja ombi, zima kipaza sauti.

Wageni waelezwe kabla, kwa maneno mawili: sasa kila mmoja ataomba, kwa sauti au kimya, apendavyo. Hayo "au kimya" ni muhimu. Hana alimwomba Mungu midomo ikicheza tu, sauti haisikiki, naye kuhani Eli akamdhania amelewa (1 Sam 1:13). Kosa lilikuwa la kuhani.

Mtoto wangu wa miaka minne huziba masikio kila kwaya ikianza na spika. Nikilalamika naambiwa "msifuni kwa matoazi yavumayo sana." Nifanyeje? — Mama wa watoto wawili

Zaburi ya 150 iliimbwa bila spika za umeme. Tuanze na vipimo. Kanuni inayotumiwa na wengi katika kulinda masikio kazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ulio salama hupungua nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumbi za muziki ambao kikomo chake cha juu ni wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Hicho ni kikomo cha kumbi za burudani, si lengo la kanisa lenye watoto wachanga mapajani.

Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Haina usahihi wa kifaa cha fundi, lakini inaonyesha tofauti kati ya safu ya tatu na ya kumi na mbili. Pima wimbo mzima, andika, kisha mpelekee mzee wa kanisa au mchungaji kabla ya ibada ya wiki inayofuata. Usiende kwa fundi mitambo katikati ya wimbo. Hakusikii, na akikusikia atakasirika. Ishara mbili hazihitaji simu: ukilazimika kupiga kelele ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono, sauti imezidi, na masikio yakilia ukiwa njiani kurudi nyumbani, yameshaumizwa. Wakati mkisubiri marekebisho, kaa mbali na spika, na umvalishe mtoto vikinga masikio vya kufunika. Pamba haisaidii kitu.

Kwa fundi mwenyewe tuna machache. Spika zipande juu ya vichwa na zielekee safu za katikati na nyuma. Ikiwa chini, wa mbele anapigwa na wa nyuma hasikii, ndipo unapandisha sauti tena. Spika ikianza kupiga mluzi, maana yake maikrofoni inanasa sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha. Isogeze maikrofoni nyuma ya mstari wa spika, au mwimbaji aisogeze karibu na mdomo, umbali wa vidole vinne, halafu wewe upunguze sauti.

Wakati wa sala tatizo hugeuka kinyume. Anayeomba huinamisha kichwa, mdomo unaondoka kwenye maikrofoni ya kusimama, na sauti hushuka mwisho wa kila sentensi. Safu za nyuma husikia "tunakuomba Bwana uwa…" basi. Teremsha kichwa cha maikrofoni usawa wa kidevu na ukielekeze juu, au aishike mkononi. Na kinanda kile kinachopigwa polepole chini ya sala? Sisi tungekinyamazisha. Kinawaambia watu wahisi nini kabla hawajasikia kinachoombwa, na kikizimika ghafla wengi hudhani sala imekwisha.

Tumsifu Yesu Kristo. Kusali ukiwa umesimama ni kukosa heshima? Bibi yangu anashikilia kwamba ni magoti tu. — Msomaji

Milele amina. Bibi ana Zaburi 95:6 upande wake, na Sulemani alipiga magoti huku mikono ameikunjua kuelekea mbinguni (1 Fal 8:54). Lakini mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama, akahesabiwa haki. Yustino Mfiadini, aliyeandika katikati ya karne ya 2, anaeleza kwamba siku ya Jumapili baada ya masomo na mahubiri wote walisimama pamoja kusali. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 20, uliagiza watu wasali wamesimama Jumapili na katika siku za Pentekoste, yaani siku hamsini tangu Pasaka, kwa kuwa baadhi walikuwa wakipiga magoti siku hizo. Kusimama kulikuwa alama ya ufufuko.

Fuateni desturi ya kanisa lenu, ila mkao utangazwe kabla sala haijaanza, na tangazo liseme "wanaoweza." Dakika tatu au nne za magoti kwenye sakafu ngumu zinatosha, zikizidi, mtu huanza kuyawaza magoti. Bibi mwenyewe awekewe kiti.

Mimi ni mhudumu wa mlangoni. Watu wanaingia katikati ya sala, simu zinalia, watoto wanakimbia, na sasa kuna wanaopiga picha Meza ya Bwana ikiendelea. Nianze na lipi? — Wa mlangoni

Anza na mlango, maana huo uko mikononi mwako. Mhubiri 5:1 inasema jitunze mguu wako uendapo nyumbani kwa Mungu. Mhudumu wa mlangoni huitunza miguu ya wengine. Kubaliana na mchungaji wakati ambapo anayechelewa hungoja: toba, masomo, maombezi, na kuwekwa wakfu mkate na divai. Wakati wa wimbo, fungua waingie wote kwa pamoja. Acha safu mbili za nyuma wazi kwa ajili yao, uzizuie kwa kamba au kwa mhudumu mwenzako, kwa sababu waliowahi hupenda kukaa nyuma na kumlazimisha aliyechelewa apite mbele ya watu wote. Anayengojeshwa aambiwe kwa sauti ya chini kwamba ni dakika mbili tu. Usitazame saa mbele yake.

Simu: tangazo moja, dakika mbili kabla ya wimbo wa kwanza, na nyamazisho la sekunde 30 baada yake ili mikono iingie mfukoni kweli. Tangazo linalotolewa katikati ya ibada baada ya simu kulia ni aibu kwa mtu mmoja na halimsaidii mwingine. Picha za simu tunashauri mzizuie kabisa, abaki mpiga picha mmoja aliyeidhinishwa, asimame pembeni, asitumie mwanga, na asipige kabisa wakati wa toba na wa kupokea. Mtu anayelia dhambi zake asije akajikuta mtandaoni jioni.

Watoto ni jambo jingine, na hapa tunatofautiana na makanisa mengi. Sauti ya mtoto si ukosefu wa kicho. Wanafunzi walipowazuia watoto ndio walioambiwa waache (Mt 19:14). Mama mwenye mtoto mchanga apewe kiti cha pembeni, karibu na mlango, atoke na kurudi bila kuomba njia kwa watu wanane. Wakubwa kidogo, miaka mitatu hadi sita, hutulia zaidi mahali wanapoona kinachotendeka kuliko nyuma ya migongo ya watu. Anayekimbia ovyo asindikizwe kwa mzazi wake; kumkaripia hadharani huleta kelele kubwa kuliko ile aliyokuwa akipiga. Wafundishwe nyumbani vitu vitatu tu kwanza: Amina, Sala ya Bwana, na kukaa kimya kwa pumzi tano.

Kimya cha wakubwa nacho kiongozwe. Wengi husema "tunyamaze mbele za Bwana," na baada ya sekunde tatu wanaogopa na kuendelea kusema. Anayeongoza ahesabu pumzi nane za kawaida, karibu nusu dakika. Mara ya kwanza watu watakohoa na kugeuka kuangalia kama amesahau zamu yake. Baada ya wiki chache hawageuki.

Maombi yetu ya katikati ya wiki yalikuwa na watu arobaini, sasa tuko sita. Mchungaji anataka tufunge ratiba. — Katibu

Msifunge, fupisheni na mpange upya. Mara nyingi saa ya maombi hufa kwa sababu haina maombi ndani yake. Chukueni saa mkononi wiki moja mpime. Ikiwa dakika 25 zimeliwa na mahubiri na 20 na watu kueleza mahitaji yao kwa kirefu, kilichobaki ni robo saa.

Jaribuni hivi kwa dakika 60 kamili: dakika 5 za zaburi na wimbo, dakika 10 za Neno, dakika 5 za kusoma mahitaji yaliyoandikwa kwenye karatasi mlangoni, dakika 30 za kuomba katika makundi ya watu watatu au wanne, na dakika 10 za shukrani na Sala ya Bwana. Makundi madogo ndiyo siri, kwani mtu mwenye haya haombi mbele ya arobaini, lakini mbele ya wawili ataomba. Asiyetaka kusema aseme "napita," na asiulizwe. Anzeni kwa wakati mkiwa sita, mmalize kwa wakati mkiwa sita. Mkimaliza kwa kuchelewa wiki mbili mfululizo, wanaorudi nyumbani kwa miguu hawaji ya tatu.

Katibu awe na daftari lenye safu nne: tarehe, ombi, aliyeleta (akiridhia), na lilivyoendelea. Wiki ya mwisho wa mwezi lifunguliwe. Yaliyojibiwa yatolewe shukrani. Yasiyojibiwa yabaki yameandikwa, yasifutwe kwa aibu. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini," wala haikuondolewa kitabuni.

Kwa wasioweza kufika, kuna zamu. Mwezi Agosti mwaka 1727 huko Herrnhut, Ujerumani, waumini wa jumuiya ya Wamoraviani, wanaume 24 na wanawake 24, walikubaliana kila mmoja kushika saa yake moja ya kuomba kila siku, na mnyororo huo ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Hawakuambiwa "kila mtu aombe," maana ombi la kila mtu ni la hakuna mtu. Kila mmoja alikuwa na saa yake. Ninyi msianze na saa 24. Chagueni siku moja kwa wiki, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, zamu za nusu saa, majina 24 na mengine matatu ya akiba. Kila mmoja apewe karatasi yenye maombi manne tu, na akimaliza zamu amjulishe anayefuata kwa ujumbe mfupi. Saa za usiku ziongezwe mchana ukishajaa bila mwanya kwa miezi miwili. Zamu ya saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri ndiyo hukatika kwanza; ipangiwe wawili wawili, tena wawe watu ambao kazi zao huwafanya wakeshe.